Pazia Fupi la Dirisha la Barabarani

Nina tabia mbaya ya kuinua mapazia ya watu. Nikikaribishwa sebuleni na mwenye nyumba akaelekea jikoni kuchemsha chai, mimi huyo dirishani. Nashika upindo, naugeuza, natazama umeshonwa vipi. Nimefanya hivyo kwa majirani, nimefanya katika ofisi ya chifu, nimefanya hata kanisani siku ya harusi, wakati bibi harusi anaingia na watu wote wamegeuka kumwangalia. Mume wangu husema siku moja nitashikwa niitwe mwizi wa mapazia. Mimi humjibu kwamba mwizi huchukua, mimi naangalia tu.

Katika kuchungulia kwangu kote, hakuna kitu kilichonisumbua akili kama lile pazia fupi linalokaa juu kabisa ya dirisha, lenye marinda, ambalo halifiki hata katikati ya kioo. Nilikuwa najiuliza kazi yake ni nini hasa. Halizuii jua, maana jua hupita chini yake. Halizuii baridi. Haliwezi kumficha mtu anayebadilisha nguo, labda awe mrefu kupita kiasi na aibu yake yote iwe kichwani. Muuza vitambaa mjini Embu huliita pelmeti. Jirani yangu huliita kofia ya dirisha. Mume wangu huliita nusu pazia, na ukisikia anavyolitamka unajua anaona tumepunjwa ile nusu nyingine.

Basi nikaamua kulishona mwenyewe, nione kama mikono ingeelewa kitu ambacho kichwa kimeshindwa kuelewa. Lakini nisijifanye kwamba ulikuwa udadisi mtupu. Mama yangu alikuwa anakuja kuingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza, na sikujua kama angekubali kulala.

Mimi ni mtoto wa Ruiri, kule Buuri, ambako upepo haupumziki na ng'ombe hutembea mbali kutafuta nyasi. Nilikuja Kianjokoma kwa sababu ya mwanamume mpole mwenye shamba dogo la majani chai, na nilikuja bila kelele: sanduku la nguo na godoro, basi. Mahari itafuata, alisema. Alisema kweli, ila hakusema lini. Kila mwaka kulizuka jambo. Mara karo, mara ugonjwa wa baba yake, mara ng'ombe aliyekuwa apelekwe akafa. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda shule za bweni, na mahari ikawa bado inafuata.

Sasa, kwetu mama hali wala halali kwa binti yake kabla mahari haijaenda. Hanywi hata maji. Wengi siku hizi wameachana na mambo hayo, hasa waliookoka. Mama yangu ameokoka miaka mingi, anaimba kwaya, na hili hakuliacha. Mchungaji wake aliwahi kumwambia kwamba hakuna mahali Biblia inapomkataza kunywa chai ya binti yake. Alimjibu kwamba anajua, na akaendelea kutoinywa.

Si kwamba hakuwa anakuja. Alikuja. Kila mara alitoka Ruiri alfajiri na maharagwe yake na mtindi wake, akafika Kianjokoma mchana, na akasimama langoni. Mimi nilitoka, tukatandika leso kwenye nyasi ng'ambo ya lango, upande wa barabara, tukakaa hapo tukiongea kama watu wanaongojea gari. Jioni ikianza kuingia alishuka mjini Embu kulala kwa binamu yake, mtu ambaye hata hampendi sana. Siku moja mvua ilitukuta hapo. Nilimshika mkono nikamvuta aje ndani, akauondoa mkono wangu polepole, akavuka barabara akajikinga kwenye kibanda cha kununulia majani chai. Nilimfuata. Tulisimama katikati ya magunia matupu, mvua ikipiga mabati hatusikilizani, na mlango wangu ulikuwa wazi mbele ya macho yetu. Nilikasirika siku hiyo. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mume wangu, nikawakasirikia hata ng'ombe.

Kwa hiyo nyumba yangu mama aliijua kutoka langoni, na kutoka langoni kitu unachokiona vizuri ni dirisha la sebule. Ni dirisha kubwa, linatazama barabarani. Aliniuliza maswali mengi kulihusu. Kiti changu kinakaa upande gani wa dirisha lile? Meza je? Asubuhi jua linaingia? Nilimwelezea kila kitu, naye alisikiliza huku akikodolea macho vile vioo. Pazia likipauka, yeye ndiye aliyeliona kwanza. "Hilo limechoka," aliniambia, nami nilinunua jingine. Sikuona ajabu yoyote. Nilizoea kuipanga sebule yangu kama mtu aliyesimama barabarani.

Hatimaye, mwaka huo wa pazia, mahari ilienda. Ng'ombe mori ambaye hajazaa, dume, kondoo wawili na asali, kama inavyotakiwa, pamoja na wazee wa kutosha na maneno ya kutosha. Mimi sikukaa na wazee, lakini niliambiwa kwamba mama alionja ile asali, akarudisha kijiko. Baada ya siku chache nikampigia simu.

"Mami, sasa utakuja?" Nyumbani sisi huongea Kimeru, ila maneno yenyewe ndiyo hayo.

"Nitakuja."

"Na utalala?"

"Kuja nitakuja," alisema. "Kulala nitajua nikifika."

Hilo ndilo lililoninyima raha. Wazee walikuwa wamemaliza kazi yao, lakini mama alikuwa na moyo wake, na moyo huo ulikuwa umekaa kwenye nyasi miaka yote ile. Nilijua kwamba asipolala safari hii, hatalala tena. Angekunywa labda kikombe kimoja kwa adabu, arudi kwa binamu yake Embu, na tungebaki hivyo mpaka mmoja wetu azikwe. Sikuwa na la kufanya kuhusu moyo wake. Kuhusu dirisha, la kufanya lilikuwepo.

Nilienda Embu kutafuta kitambaa. Kianjokoma ni mahali pa baridi na ukungu, na ukungu ukishuka kila kitu huwa na rangi ya majivu, nyumba, miti, hata kuku. Nilitaka kitu ambacho ukungu hautakimeza. Muuzaji alinitolea vya rangi ya maziwa, vya bluu hafifu, vya kijani, vyote nikavikataa, mpaka akatoa kimoja cha hudhurungi chenye maua makubwa ya njano. Upande mmoja maua yalikuwa yanawaka. Upande wa pili yalikuwa kama yaliyochapwa kisha mtu akayafuta na kitambaa kibichi. Nikamwomba akishike mlangoni mwa duka. Mimi nikavuka barabara, nikasimama ng'ambo, nikakitazama.

"Madam," alipiga kelele, "pazia si ya kuangaliwa na watu wa ng'ambo!"

"Yangu ni ya kuangaliwa na watu wa ng'ambo!" nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akakata.

Mwalimu wangu alikuwa mwanamke fulani kwenye simu, wa nchi za mbali, mwenye kuongea haraka na dirisha lisilo na chuma hata kimoja. Nilimtazama mpaka mume wangu akaanza kuijua sauti yake. Kumbe siri ya marinda ni wingi: ukitaka kitambaa kiwe na mawimbi, unaanza na kirefu karibu mara mbili ya dirisha, halafu unakilazimisha kuwa kifupi. Hilo lilinifurahisha mno. Miaka yote nilidhani marinda ni kitu kinachoongezwa, kumbe ni urefu uliokunjwa ukafichwa. Nilienda kwa jirani siku hiyo hiyo kuhakikisha kwenye pazia lake, na aliponikuta nimepanda kiti chake hakuuliza kitu, alinishikia kiti tu nisianguke.

Yule mwanamke alisema pia niweke bitana nyuma, ili upande wa pili nao upendeze. Hapo nikamwacha aende zake. Nani ataangalia nyuma?

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, niliipata kuukuu, nayo ina hasira zake. Jaribio la kwanza nilishona mshono mlegevu nikauvuta uzi ili kitambaa kijikusanye. Kikajikusanya chote kona moja, uzi ukakatika. La pili nilikunja kwa macho. Yakatoka marinda manene upande wa kushoto na membamba upande wa kulia, kama mtu aliyeanza kazi ameshiba akaimaliza na njaa. Ndipo nikachukua kiberiti. Nikalaza kiberiti kwenye kitambaa, nikakunja kukizunguka, nikachomeka pini, nikakitoa, nikakilaza tena pembeni. Kila rinda likawa na upana wa kiberiti. Sijui kwa nini jambo dogo hivyo linaweza kumfurahisha mtu mzima, lakini nilikaa nikiyahesabu na kuyapapasa kama mjinga.

Tatizo lilikuwa vidole. Asubuhi nachuma majani chai, na mchuma chai hana vidole visafi. Utomvu wa majani hukaukia kwenye ngozi ukawa mweusi, unaingia kwenye mikunjo yote ya vidole, na sabuni haifanyi kitu. Nilisugua kwa limau, nikasugua kwa jivu, nikasugua kwa mchanga. Rangi ikapungua, lakini nikigusa kitambaa bado kinapata doa. Basi nikatafuta njia. Nikawa nakunja kitambaa maua yakitazamana ndani, nashika upande wa nyuma peke yake. Nilipima kwa nyuma, nikachomeka pini kwa nyuma, nikashona nikitazama nyuma. Maua hayakupata doa hata moja. Nilijiona mjanja kuliko yule mwanamke wa kwenye simu, ambaye vidole vyake havijawahi kuona chai ila kwenye kikombe.

Kazi ilimalizika asubuhi ya siku ambayo mama alikuwa anakuja. Nikapitisha fimbo kwenye njia yake juu ya pazia, nikapanda kigoda, nikaining'iniza. Nikanyoosha rinda hili na lile. Kisha nikatoka mbio nje mpaka langoni, nikageuka kutazama.

Ee, lilikuwa zuri! Ukungu ulikuwa umefunika nusu ya paa, lakini yale maua yalikuwa yanaonekana, yamejipanga, rinda kwa rinda, kama watu waliovaa sare siku ya sikukuu. Nilirudi ndani nikavuta upande wa kulia kidogo, nikatoka tena nikatazama. Nikarudi nikavuta wa kushoto. Mume wangu alikuwa anakama, akaniuliza mbona naingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sikuwa na muda wa kumjibu. Nikakimbilia jikoni kuponda viazi na mahindi ya mukimo, na pazia nikalipa mgongo.

Mama alifika mchana. Mume wangu alimsalimia akiwa mbali, kofia mkononi, macho chini, kama mkwe anavyomsalimia mama mkwe, kisha akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wana kiu. Mama alikuwa amevaa koti lake la kanisani na amebeba kiondo chake cha kusuka begani. Alipofika langoni miguu yake ikasimama yenyewe. Nilimwona. Hata yeye alijiona.

Alitazama dirisha.

"Umeweka kitu kipya," alisema.

"Nimeshona mwenyewe."

"Maua yanaonekana mpaka hapa."

Nilisikia raha mwili mzima. Nikashika lango, nikalifungua lote, upande huu na upande ule, ingawa mama ni mwembamba na mmoja ungetosha. "Ingia, Mami."

Akaingia. Aliukanyaga uwanja wangu pole pole, akitazama anapoweka mguu, kana kwamba nyasi za huku zilikuwa tofauti na za ng'ambo. Mlangoni akainama kidogo, ingawa mlango ni mrefu. Ndani akasimama katikati ya sebule, akaanza kuvitambua vitu. "Hiki ndicho kile kiti," alisema. "Na hii ndiyo meza. Nilifikiri ni kubwa zaidi." Halafu akachagua kiti cha ukutani kinachotazama dirisha, akakaa, akaweka kiondo mapajani akakikumbatia, kama abiria asiyetaka kupitwa na kituo chake.

Nikampa pole ya safari. Nikaongea habari za watoto, za mvua, za bei ya maharagwe. Macho yake yalikuwa juu, yamepita kichwa changu.

"Mbona liko nyuma mbele?" aliuliza.

"Nini?"

"Hilo."

Nikageuka. Na kweli, nikaliona pazia langu kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa ndani ya nyumba yangu. Maua yalikuwa yale yaliyopauka. Pindo lilikuwa na nyuzi zinazoning'inia ambazo sikuzikata. Na kila rinda, kutoka mwanzo wa dirisha mpaka mwisho, lilikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, pale nilipolishika kulikunja. Nilikuwa nimelitundika uso wake ukitazama barabarani. Siku zote nilizolishona nilikuwa naona nyuma, kwa hiyo nilipopanda kigoda asubuhi ile na kuona nyuma, macho yangu hayakushtuka. Na nilipotaka kujua kama limependeza, nilikimbia nje.

Uso ulinichoma kwa aibu. Mtu amengojea miaka yote ile aingie, na nimemkaribisha kwenye mgongo wa pazia na madoa ya vidole.

"Kwani ulishona la kupendeza wapita njia?" aliuliza. Hakuwa ananicheka. Alikuwa anataka kujua kwa kweli; ni mtu wa kutaka kujua, na mimi sikuokota tabia hiyo barabarani.

"Sikuwaza, Mami," nilisema. "Nilikuwa nakushonea wewe. Nilitaka ulione vizuri." Nikaonyesha kwa mkono, na mkono wangu ukaelekea langoni. "Ukiwa pale."

Mama akageuza macho kuelekea langoni. Nje, mume wangu alikuwa anamimina maji kwenye birika la ng'ombe, tukawa tunasikia maji tu. Nikavuta kigoda, nikapanda, nikaishika fimbo kuiondoa.

"Nitaligeuza sasa hivi, ni dakika moja."

"Shuka," alisema.

"Halikai hivi, Mami. Ona lilivyo na madoa."

"Nimeyaona. Shuka utaanguka." Alingoja mpaka miguu yangu yote ikawa chini. "Liache. Upande wa nje nimeutazama vya kutosha."

Aliposema hivyo sauti yake ilikatika kidogo, akakohoa kuificha. Mimi sikuwa na kikohozi cha kujificha, nikalia wazi wazi, nimesimama kando ya kigoda na mikono yangu michafu ya chai. Mama alinitazama nikilia kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo, bila haraka, akisubiri nimalize.

"Hakuna chai kwenye nyumba hii?" aliuliza mwishowe. "Watu wa kulima chai."

Nikaenda nikaileta. Nilimwona akiinua kikombe, nikamwona akikipuliza, na nikakaa nimeshikilia birika la chai kifuani mpaka alipomeza. Alikunywa kikombe chote, akanyoosha mkono nimwongeze. Akaniuliza ni majani gani haya, ya juu au ya chini kabisa ya kichaka, na kwa nini vidole vinakuwa vyeusi wakati jani ni kijani, na kama wanaume nao wanachuma. Nilimjibu yote niliyoyajua, na mengine tukayajadili bila kuyajua.

Ukungu ulianza kuingia tena, ule wa jioni. Ilikuwa saa ambayo kwa kawaida alikunja leso, akaipangusa nyasi, akaanza kutafuta gari la kwenda kwa binamu yake. Alitazama nje, nami nilimtazama yeye. Kiondo kilikuwa bado mapajani.

"Kuna chumba ulichoniambia kipo nyuma," alisema. "Kile ambacho hakionekani kutoka langoni."

"Kipo."

Akasimama, akanipa kiondo nimbebee.

"Nionyeshe."